Kiangazi cha malori, jenereta na matamasha

Kwetu Uganda jua huchwea karibu na saa moja jioni, iwe Juni au Desemba, kwa hiyo msimu hatuujui kwa urefu wa mchana. Tunaujua kwa mvua kukatika. Kusini na katikati ya nchi hukatika Juni hadi Agosti, kisha tena Desemba hadi Februari, na hapo ndipo kila kitu hupangwa: harusi, mikutano ya injili, promosheni za makampuni, na shoo za wasanii zinazowinda pesa za watu wa kyeyo, wanaofanya kazi ng'ambo, waliorudi nyumbani likizo. Kwa fundi wa sauti, fundi wa taa, wafunga majukwaa na madereva wao, hiyo ni miezi ya kulala juu ya maturubai. Ijumaa Lugogo, Jumamosi Mbale, Jumapili asubuhi kanisani Mukono, na kabla vyombo havijapanguswa vumbi kuna mtu Arua anauliza bei.

Mtazamaji akisikia spika zinakoroma, humlaumu kijana aliyeketi kwenye miksa, meza ya kuchanganyia sauti. Mara nyingine ana haki. Ila shoo nyingi zinazoharibika usiku huwa zimekwisha kuharibika kabla ya saa kumi jioni, ama barabarani, ama kwenye jenereta, ama kwenye mpango wa geti, na kijana wa miksa anakabidhiwa maiti aifufue. Promota akipata pesa ya ziada huitumia kukodi spika kubwa zaidi. Angeitia kwenye waya, dizeli na saa chache za matayarisho, watu wangesikia tofauti.

Tuanze na mvua yenyewe, maana kiangazi ni neno la kubahatisha ukiwa karibu na Ziwa Victoria. Kampala, Entebbe na Jinja zinaweza kupigwa na radi mwezi wowote, mara nyingi usiku wa manane au alfajiri, wakati jukwaa limefungwa na mafundi wamelala. Turubai la miksa na la amplifaya halipangwi kulingana na utabiri, linapakiwa kila safari. Kaskazini hesabu ni nyingine kabisa. Gulu, Lira na Arua zina msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia karibu Aprili hadi Oktoba, halafu kiangazi kikali. Promota wa Kampala anayepeleka shoo ya uwanjani Gulu mwezi Agosti kwa sababu "ni kiangazi" amepanga shoo ya matope.

Halafu kuna barabara. Kampala hadi Jinja ni kilomita kama 80. Lori likiondoka saa kumi alfajiri, linafika watu wakinywa chai. Likiondoka Ijumaa saa kumi jioni, litakuta Kireka, Bweyogerere na Mukono zimesimama, kisha foleni ya matrela ndani ya msitu wa Mabira, na saa mbili zitageuka nne au tano. Jamu ikikaba upande wa Lugazi, kuna njia ya Mukono kupitia Kayunga hadi Njeru. Inazunguka, lakini ina lami. Dereva mzuri huamua hapo Mukono, si baada ya kuingia msituni ambako huwezi kugeuza Fuso lililojaa.

Mipango ya safari ndefu inahitaji njia ya pili kila mara. Mei 2023 maji ya mto Katonga yalikata barabara kuu ya Kampala kwenda Masaka, na magari yakazungushwa kupitia Mpigi na Sembabule. Mwaka 2024 daraja la Karuma lilifungwa kwa ukarabati na wasafiri wa kaskazini wakatafuta njia nyingine. Aliyekuwa na shoo Mbarara au Arua siku hizo alijua thamani ya kusafiri siku moja kabla. Bendi inaweza kuondoka asubuhi ya shoo kwa gari dogo. Vyombo haviwezi.

Upakiaji ndio sehemu ambayo tanboi mzoefu huonyesha kwamba anastahili mshahara wake. Kinachotangulia kushuka ndicho hupakiwa mwisho: waya za umeme, boksi la kugawia umeme na vyuma vya jukwaa vikae mlangoni, kwa sababu bila hivyo hakuna kazi inayoanza. Spika za besi, ambazo ni nzito, hukaa mbele nyuma ya kabini, zimetazamana uso kwa uso ili koni zisichomwe na kona ya kitu kingine. Amplifaya husimama kama zinavyosimama kazini na hazilazwi ubavu, kwani transfoma nzito ndani yake huvuta skrubu kila gari linapopiga shimo. Miksa hupanda mwisho kabisa, au hukaa kwenye gari la bendi. Na ukiona mtu anakalisha jenereta dogo pamoja na maiki kwenye kona moja, mshushe mara moja. Harufu ya petroli haitoki kwenye sponji ya maiki, na mwimbaji ndiye atakayeivuta usiku kucha.

Maramu, barabara ya udongo mwekundu isiyo na lami, ndiyo adui wa kimyakimya. Feni ya amplifaya huvuta hewa ili kupoza, na kama juzi ilipita kilomita 60 za vumbi jekundu bila kufunikwa, kichujio chake kimeziba. Shoo itaanza vizuri, kisha ikifika saa nne usiku amplifaya moja itajizima kwa joto, itapoa, itarudi, itajizima tena. Watu hudhani ni spika. Dawa yake ni brashi laini na hewa ya kompresa, huku umeizuia feni kwa kidole isizunguke. Ukiiacha izungushwe na hewa ya kompresa kwa kasi isiyo yake, beringi zake zinakufa.

Bendi inayotoka Nairobi kupitia Busia au Malaba ina shughuli yake. Raia wa Kenya na Rwanda huingia kwa kitambulisho cha taifa. Wengine wachukue pasipoti, na kadi ya homa ya manjano isisahaulike. Vyombo ndivyo vinavyochelewesha. Andika orodha yenye jina, namba ya mfululizo (serial) na thamani ya kila kifaa, nakala kadhaa, na uikabidhi kwa wakala wa forodha siku kadhaa kabla, ili viingie kwa muda na kutoka bila kutozwa ushuru. Gitaa ambalo halimo kwenye orodha wakati wa kuingia litakuwa na maswali wakati wa kutoka.

Sasa umeme, ambao ndio moyo wa jambo hili.

Jenereta huandikwa kwa kVA, na watu huzisoma kana kwamba ni kilowati. Zidisha kwa 0.8 kwanza. Jenereta ya kVA 100 inatoa kilowati 80, na mtu mwenye akili haipakii zaidi ya 60 hivi, kwa sababu besi ikipiga na taa zikiwaka kwa pamoja, mzigo hupanda ghafla. Kukodi kubwa mno nako kuna hasara. Injini ya dizeli ikikaa usiku kucha chini ya theluthi moja ya uwezo wake haipati joto la kutosha, mafuta hayaungui yote, na asubuhi bomba lake limejaa utelezi mweusi. Taa zimebadilisha hesabu hii sana. Taa za zamani za wati 1,000, zikiwa 24, zilikula kilowati 24. Za LED 24, hata za wati 200 kila moja, hazifiki 5. Bado kuna mapromota wanaokodi jenereta kwa mazoea ya enzi zile.

Jenereta hiyo ya kVA 100 ikifanya kazi vizuri hula lita 15 hadi 20 za dizeli kwa saa. Kutoka kupima sauti saa nane mchana hadi watu watoke saa nane usiku ni saa 12, yaani lita 180 hadi 240. Hiyo ni mitungi 9 hadi 12 ya lita 20. Promota huja na mitatu na kusema mingine iko njiani. Pima tangi kwa kijiti kabla ya kuwasha na uandike mbele ya mashahidi, kwani mafuta hunyonywa, na anayenyonya huwa ni mtu mpole anayesaidia kubeba. Halafu kuna jambo ambalo wageni wa dizeli hawalijui: tangi likikauka kabisa, huwezi kumimina mafuta na kuwasha tu. Mfumo umevuta hewa. Lazima mtu alegeze nati ya kichujio, apampu kwa mkono hadi povu liishe na mafuta yatoke safi, kisha akaze na kujaribu tena. Kwa tochi ya simu, huku uwanja mzima ukipiga miluzi, kazi hiyo huchukua muda unaoonekana kama mwaka.

Umeme wetu ni volti 240 kati ya fezi (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya unaourudisha), 415 kati ya fezi na fezi. Katika kuunganisha jenereta ya fezi tatu, waya wa ardhini hutangulia, nyutro hufuata, fezi huja mwisho. Katika kufungua ni kinyume chake. Huu mpangilio una sababu. Nyutro ikichomoka huku fezi zote zikiwa hai, vifaa vilivyo kwenye fezi moja vinaanza kugawana umeme na vya fezi nyingine, na chombo cha volti 240 kinaweza kupelekewa karibu 415. Miksa ya kidijiti haiombi msamaha mara mbili. Kabla ya kuchomeka chochote, chukua multimeta upime kila fezi kwa nyutro. Ukisoma 240, 238, 241, endelea. Ukisoma 190, 290, 240, rudi kwenye nyutro, kuna mahali imelegea.

Sauti ipewe fezi yake peke yake, taa zipewe nyingine. Zikichanganywa, spika zitalia mmm mzito kila taa inapopunguzwa, na hakuna kitufe kwenye miksa kitakachoutoa. Fundi wa haraka hukata pini ya ardhini kwenye plagi na mlio ukatoweka. Ametoa mlio na kuweka mtego: siku chombo hicho kitakapovuja umeme kwenye bodi yake, njia iliyobaki ni mwili wa mpiga gitaa anayegusa nyuzi kwa mkono na maiki kwa mdomo. Boksi la DI, lile linalounganisha gitaa au kinanda na miksa, lina swichi ndogo ya kutenganisha ardhi ya sauti bila kugusa ardhi ya umeme. Tumia hiyo.

Na ile fimbo ya shaba inayopigwa ardhini karibu na jenereta, kiangazi huigeuza pambo. Udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Fimbo ya mita 1.2 iliyopigwa Januari katika uwanja uliopasuka inaweza kuwa imegusa vumbi tu. Chimba kishimo kidogo kuizunguka, mimina ndoo ya maji yenye chumvi, subiri inywe, mimina nyingine, na rudia jioni kabla ya shoo. Ndoo mbili za maji hazina gharama, na bado ni watu wachache wanaozimwaga.

Waya nao. Waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, urefu wa mita 50, ukibeba ampea 16, unapoteza karibu volti 12 njiani. Ukiunga mwingine ukafika mita 100, umepoteza karibu 24, sawa na asilimia 10. Amplifaya zitawaka, zitatoa sauti ndogo vizuri, kisha besi ikiingia zitakosa pumzi na kuanza kukatakata. Hapo ndipo promota husema spika ni ndogo. Waya wa milimita mraba 6 ungemaliza ugomvi. Pia, waya uliobaki usiuache umezungushwa kwenye gurudumu lake. Ukibeba mzigo mkubwa hapo hupata joto hadi plastiki ikayeyuka. Utandaze wote chini, hata kama unaonekana mchafu.

Sauti yenyewe, baada ya hayo yote, ina sheria chache zisizobembelezeka. Kila umbali unapoongezeka maradufu kutoka kwenye spika ya kawaida, unapoteza desibeli 6. Aliye mita 5 akisikia 106, wa mita 40 anasikia 88, na mama anayeuza muchomo nyuma kabisa anasikia zogo la watu tu. Kuongeza nguvu mbele kunawaumiza wa mbele bila kuwafaidi wa nyuma. Weka spika nyingine katikati ya uwanja na uzicheleweshe. Sauti husafiri mita kama 346 kwa sekunde katika joto la nyuzi 25, sawa na milisekunde 2.9 kwa kila mita. Spika za mita 40 zicheleweshwe milisekunde 116, kisha uongeze 10 hadi 15 juu yake ili sikio liendelee kuamini kwamba sauti inatoka jukwaani. Usipochelewesha, kila neno la mwimbaji litasikika mara mbili, na Kiswahili chenye silabi zake za haraka huwa uji.

Playback, yaani kuimba juu ya muziki uliorekodiwa, na bendi haziwekwi kwenye ratiba kana kwamba ni kitu kimoja. Msanii wa playback anahitaji chaneli mbili za muziki na maiki moja, anapanda na kushuka kwa dakika mbili. Bendi kamili ni habari nyingine: ngoma maiki 8, besi 1, gitaa 2, kinanda 2, tarumbeta na saksafoni 3, waimbaji 4. Hizo ni chaneli 20 kabla ya monita za jukwaani, spika ambazo wanamuziki hujisikia kwazo. Afrigo Band, ambayo iko jukwaani tangu 1975, haiwezi kupewa dakika tano za kujipanga katikati ya wasanii wawili wa playback kisha watu washangae mbona kuna mluzi. Pimeni sauti ya bendi kwanza mchana, hifadhini mpangilio kwenye miksa, na iwe ya kwanza kupanda au ipewe nusu saa. Kwa maoni yangu iwe ya kwanza. Watu wa Kampala hulalamika kwamba bendi "zinachosha", na kinachowachosha ni kusubiri waya zipangwe gizani.

Maiki zisizo na waya zilizonunuliwa mitumba zina ugonjwa wao. Nyingi zilitengenezewa masafa ya megahezi 800, ambayo sasa sehemu kubwa ya dunia ni mali ya simu. Mchana, uwanja ukiwa mtupu, zinaimba vizuri. Usiku watu elfu tatu wakiwa na simu mkononi, zinakwaruza. Weka kipokezi karibu na jukwaa, macho kwa macho na mwimbaji, badilisha betri kabla ya msanii mkuu hata kama alama inaonyesha nusu, na uwe na maiki moja ya waya imesimama tayari pembeni.

Geti si kazi ya fundi wa sauti, lakini likikwama linamwangukia. Tangu mabomu ya Julai 11, 2010 yaliyoua zaidi ya watu 70 waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia hapa Kampala, hakuna shoo bila kupekuliwa, na iwe hivyo. Basi pigeni hesabu. Mtu mmoja akichukua sekunde 10 kupekuliwa, mlango mmoja unapitisha 6 kwa dakika. Watu 3,000 kwa milango miwili watachukua zaidi ya saa nne. Kwa milango sita, kama saa moja na dakika 23. Wakati huohuo mtandao wa pesa za simu unalemewa, na anayelipa getini anasimama pale akisubiri ujumbe ambao hauji. Tiketi ziuzwe mapema, na wanaolipa hapohapo wawe na foleni yao. Vinginevyo msanii ataimbia uwanja nusu huku nusu nyingine ikisukumana nje.

Kutoka ni hatari kuliko kuingia, kwa sababu watu huingia mmojammoja na kutoka wote. Usiku wa kuamkia mwaka 2023, katika jengo la maduka kwenye barabara ya Entebbe, watu walisukumana kwenda kutazama fataki wakakwama kwenye njia nyembamba. Waliokufa hawakupungua 9, wengi wao wadogo. Watu wanne waliosimama katika mita moja ya mraba bado wanaweza kugeuka. Wakifika sita, hakuna anayechagua tena aende wapi, umati unamchukua. Fundi aliye juu ya jukwaa huona hali hiyo kabla ya mlinzi. Akiona umati unayumba kama kitu kimoja, apunguze muziki polepole, awashe taa zote, na MC aongee taratibu akiwaambia wa nyuma warudi nyuma. Kukata muziki ghafla huleta taharuki, na giza huiongeza.

Masikio ya wafanyakazi hayana msimu wa mapumziko. Desibeli 85 unaweza kuzivumilia kwa muda wa saa nane. Kila ongezeko la 3 hukata muda huo nusu. Kwenye 100 umebaki na robo saa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilipendekeza kumbi zisizidi wastani wa 100, na jukwaa letu la kawaida hupita hapo wakati wa DJ wa ufunguzi. Vizibo vya masikio ni bei ya rolex mbili, zile chapati za mayai. Fundi asiyevivaa anaanza kuongeza sauti kali mwaka hadi mwaka kwa sababu yeye haisikii tena, na watu wanalia.

Pesa: nusu kabla lori halijawashwa, iliyobaki kabla msanii mkuu hajapanda. Baada ya shoo hakuna promota, kuna simu iliyozimwa. Ukilipwa shilingi milioni 3 kwa simu na kuzitoa kwa wakala, kodi ya asilimia 0.5 ya kutoa inakula 15,000 juu ya ada ya kampuni, kwa hiyo iingize kwenye bei tangu mwanzo.

Kufungua vyombo hufanywa watu wakiwa wamechoka, na hapo ndipo vingi huvunjika. Jenereta iachwe izunguke bila mzigo dakika tano kabla ya kuzimwa, ipoe. Taa za zamani za kichwa kinachozunguka zipewe dakika 10 hadi 15 za feni kabla ya kuingia boksi. Waya uzungushwe duara moja juu, moja chini, kwa kupokezana, ili kesho utupwe na unyooke bila fundo; anayeuzungusha kwenye kiwiko anauvunja nyuzi za ndani na hatajua hadi utakapokatika katikati ya wimbo Fort Portal.

Dereva hashiriki kazi hiyo. Analala kuanzia saa mbili usiku, mbali na spika, na hakuna wa kumwamsha kubeba chochote. Lori liondoke kukipambazuka, hata kama shoo inayofuata ni jioni ileile, kwa kuwa barabara ya Mbale usiku ina matrela yaliyoharibika na kuachwa bila taa, na matawi mawili yaliyowekwa nyuma yake kuwa onyo. Mkifika Namawojjolo mshuke mle kuku na gonja (ndizi za kuchoma), mkague kamba za turubai, na mmoja apige simu mbele kuuliza kama jenereta ya huko imeshajazwa mafuta.